Mwaka Niliomsifu Mtoto kwa Kinywa Kikavu

Tulipomzika Igoki pale Karurumo, mjukuu wake Wawira alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, mtoto mapajani. Mimi nilikuwa natoka kaburini, udongo bado viganjani, na njia ya kwenda jikoni ilipita mbele yake. Aliponiona nakaribia akavuta shali akamfunika mtoto uso. Hakunitukana. Hata aliniita bibi, akanisalimia vizuri, "Pole, cucu, umepoteza mwenzako," na mkono wake mmoja umeishikilia ile shali kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue. Nikamjibu, "Asante, mama," nikapita. Nikaingia jikoni nikakamata sufuria kubwa ya wali iliyoungua chini, nikaikwangua mpaka kucha zikauma. Wasichana wakaniambia, "Cucu, wacha, sisi tutaosha." Nikawaambia waniache na kazi yangu. Wawira hakuwa amezaliwa mwaka ninaotaka kuusema hapa. Hata mama yake hakuwa amezaliwa. Lakini ile shali niliijua. Nimeiona ikivutwa maisha yangu yote, inabadilika rangi tu.

Nilikuja kuolewa Karurumo nikitoka upande wa Meru, na sitasema baba yangu alikuwa nani na alikuwa na ng'ombe gani, maana hayo hayaingii hapa. Shule niliiacha darasa la tatu. Kiswahili changu nilikiokota sokoni Runyenjes nikiuza ndizi, kwa hivyo anayetaka kunirekebisha na anirekebishe, lakini anisikie kwanza. Igoki alikuwa mke wa kaka ya mume wangu. Nyumba zetu zilitazamana, uwanja mmoja, choo kimoja, kamba moja ya kuanika nguo. Waume zetu walikuwa vibarua wa barabara huko mbali, wanakuja mwisho wa mwezi na viatu vyenye lami, wanalala, wanakula, wanarudi. Mtu niliyeolewa naye hasa mwaka ule alikuwa Igoki. Alinizidi umri kidogo tu lakini alinichukua kama mama kuku. Jikoni mwake nakumbuka kila kitu: mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya moto yakawa meusi kwa masizi, kigoda chenye mguu mmoja mfupi ambacho kila mgeni alianguka nacho, na kibuyu cha uji wa wimbi kilichokuwa kikichacha pembeni na kunuka mpaka mlangoni. Alinipondea ndizi mbichi na njahi, zile kunde zetu nyeusi, akanipa mwiko nilambe kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikiongea Kimeru changu alicheka mpaka anashika mbavu. "Kagendo," anasema, "hapa ukitamka hivyo watu watafikiri unafukuza mbuzi." Mimi namwambia, "Na nyinyi mkiongea ni kama mmejaza viazi mdomoni." Ndivyo tulivyoishi. Sijapata tena rafiki wa namna hiyo, na mimi ni mtu niliyekula chumvi nyingi.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililotupasua. Kwetu mtoto mchanga hasifiwi kwa kinywa kikavu. Ukimwona mtoto amenawiri, ukasema ni mnono au ana macho mazuri, ni lazima umtemee mate kidogo kifuani, si mate ya kumlowesha, ni ule mvuke tu wa mdomo, tfu, ili mtu ajue sifa zako hazina kitu nyuma yake. Anayesifu asiteme, huyo wanamwogopa. Wanasema ana jicho. Igoki alipojifungua mvulana, akaitwa Namu, wanawake walikuja kumwona, kila mtu na mzigo wake, huyu kuni, huyu mkungu wa ndizi, huyu unga. Walijaa chumba kile kidogo mpaka wengine wakakaa kitandani miguuni pa mzazi. Ulikuwa wakati wa baridi, ukungu unashuka kutoka mlimani asubuhi na hauondoki mpaka saa sita, na mimi nilikuwa nimeshikwa na kikohozi cha kupasua kifua. Walimpitisha mtoto mikononi, mmoja baada ya mwingine, tfu, tfu, mpaka akanifikia. Nilimwangalia. Haki, alikuwa mtoto! Mikunjo mapajani kama mkate, kichwa kimejaa nywele. Nikasema, "Namu wewe, mtu akikuona atafikiri mama yako anakunywesha siagi!" Wakacheka wote. Igoki akasema, "Mtemee basi." Kikohozi kikanipanda. Nikageuza uso ukutani, nikakohoa kwenye leso yangu, nikamrudisha mtoto kwa mama yake. "Nina kikohozi, Mama Namu," nikamwambia. "Nisije nikampa. Nitamtemea nikipona." Mama mmoja pale akadakia, "Ooh, hawa Wameru siku hizi wana mate ya benki!" Tukacheka tena. Igoki pia alicheka. Mimi nilimwona akicheka.

Kikohozi changu hakikuisha upesi, na kahawa haikungoja mtu apone. Ile ya baridi si nyingi, lakini ikiiva imeiva, ukichelewa inaanguka chini. Igoki alitoka kitandani mapema kuliko mama mkwe alivyotaka. Walibishana asubuhi ile uwanjani, mimi nikichota maji. Mama mkwe alimwambia, "Mwache mtoto na mimi." Igoki akasema, "Atataka kunyonya, mama, nitarudi haraka." Akamfunga mgongoni, akaweka gunia lake kichwani, akashuka kiwandani. Kule kiwandani unamwaga kahawa yako chini kwenye gunia, unainama, unachambua, nyekundu huku, mbichi kule, na ukimaliza unapanga foleni ya mizani. Siku hiyo mashine ya kumenya iliharibika. Foleni ikasimama pale pale na manyunyu yakaanza. Waliokuwa na watu wa kuwashikia foleni walienda nyumbani. Igoki hakutaka kupoteza nafasi yake. Alirudi jioni, nguo zimegandamana na mwili, na Namu mgongoni alikuwa anapumua kama paka. Kesho yake homa. Kesho kutwa alimbeba kwenda zahanati, na aliporudi nilimwona kwa mbali akipanda kile kilima, nikajua kwa jinsi alivyotembea. Mwenye mtoto hai mgongoni huinama kidogo mbele. Igoki alikuwa anatembea wima.

Baada ya kumzika Namu wanawake walikaa uwanjani kama inavyofanywa, na mimi nilikuwa nawapitishia chai. Nilipofika kwa Igoki nikainama nimpe kikombe. Hakukipokea. Aliniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akasema, si kwa kelele, "Wewe ulimsifu mwanangu kwa kinywa kikavu." Basi. Yule mama wa mate ya benki akaweka kikombe chake chini. Mwingine akasema, "Na ni kweli, sisi tulikuwa pale." Nikasema nilikuwa na kikohozi, nikasema nilisema nikipona, nikaanza kukohoa pale pale nikijitetea, na nadhani hilo lilikuwa baya zaidi, maana lilionekana kama mchezo. Mama mkwe alinishika mkono akaniingiza ndani. Chai ilibaki uwanjani ikapoa, na hakuna aliyekunywa kikombe nilichokuwa nimekishika.

Watu wa leo mnasema, si mngezungumza? Mnafikiri kila kitu ni kikao. Mimi nawaambia jinsi ilivyokuwa. Kiwandani nilipomwaga kahawa yangu, aliye karibu alivuta gunia lake. Kisimani mama mwenye mtoto alijifanya amesahau kitu akarudi nyuma. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi tele, ningeweza hata kulala. Na kila mahali shali, leso, kofia, chochote cha kufunika uso wa mtoto nikipita. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyeniita mchawi mbele yangu. Ningelipenda waniite, nikapata wa kumkamata nguo. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi nilimlilia anihamishe. Akasema, "Wataacha." Akavaa viatu vyake vya lami akarudi kwa barabara yake. Na Igoki, yule aliyenilambisha mwiko, alipita mbele ya mlango wangu kila siku kama mtu anayepita shamba la wageni. Mwaka ukageuka hivyo hivyo, nikashika mimba. Nilijua kwa kutapika kila harufu ya uji wake ilipovuka uwanja. Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Mtoto wangu akizaliwa, nani atakuja? Mtoto asiyetemewa mate na mtu ni mtoto asiye na watu. Angezaliwa ndani ya jina langu kama mtu anayezaliwa jela.

Asubuhi moja kiberiti changu kililowa na moto ulikuwa umekufa chini ya majivu. Nilikaa nikitazama lile jiko. Mama mkwe alikuwa amekwenda kwa binti yake. Moshi ulikuwa unatoka kwa Igoki. Kuomba moto si kuomba msaada, kwetu moto haunyimwi mtu hata awe nani, lakini nilizunguka uwanja ule kwanza kama kuku anayetaka kutaga. Mwishowe nikachukua kigae nikaenda nikasimama mlangoni. "Hodi, Mama Namu." Na niliposema hilo jina nikasikia nimekosea, lakini ningemwitaje? Ndilo jina lake. Nilimsikia anapumua ndani. Nikageuka niende zangu, nikasikia kitu kinakwaruza sakafu. Kijinga cha moto kikatokea chini ya mlango, kinasukumwa polepole kwa mguu. Niliuona ule mguu, kidole gumba chenye ukucha uliopasuka kwa jembe. Nikaokota moto wangu, nikaenda, nikawasha, nikalia, nikapika. Kesho yake sikwenda kuomba. Nilipofungua mlango nikakuta kigae na makaa kizingitini kwangu, yamefunikwa majivu yasizimike. Na kesho yake pia. Nilikasirika. Nilimwambia mama mkwe aliporudi kwamba Igoki ananiwekea moto kama anayemwekea mbwa chakula. Mama mkwe alikuwa anamenya njahi. Hakuinua hata uso. "Wewe umeupikia?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. "Moto wenyewe ulikuwa baridi?" Hapana. "Basi."

Nilijifungua msichana kahawa ya mavuno makubwa ikiwa imejaa, kila mtu shambani, na mama mkwe ndiye aliyempokea. Mtoto mzuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyesema. Alikaa ndani siku nyingi na hakuna kivuli kilichoingia mlangoni. Nilisikia wanawake wakipita njiani na mizigo yao, sauti zao zikishuka wakifika usawa wa nyumba yetu na kupanda tena wakishapita. Nilimwambia mtoto wangu maneno mabaya juu ya kila mmoja wao. Kisha asubuhi moja mlango ukasukumwa bila hodi, Igoki akaingia na kibuyu, akaufunga nyuma yake. Alikuwa amekonda mpaka nikaona mifupa ya shingo. Hakunisalimia. Aliweka kibuyu chini, akanyoosha mikono, na mimi, sijui kwa nini mpaka leo, nikampa mtoto. Akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Ana sura ya chura." Nikajua hapo hapo, maana ndivyo asemavyo mtu asiyetaka mtoto apatwe na baya. Akamfungua kifua. Tfu. Kisha akakaa kwenye sakafu na mtoto wangu, akajikunja, akaanza kulia bila sauti, mabega tu.

"Si wewe," akasema.

"Najua si mimi."

"Manyunyu yale, Kagendo. Nilimsikia anakohoa mgongoni nikajiambia foleni iko karibu kusogea. Nilijiambia hivyo mchana kutwa."

Nikamwambia atoke nje. Nilimwambia kwa hasira, "Basi nenda ukawaambie! Uliniweka uwanjani mbele yao, nitoe uwanjani mbele yao. Unanijia hapa na mlango umefungwa?"

Akamfunga mtoto vizuri, akanirudishia. Aliongea akitazama sakafu. "Siwezi. Nikikutoa wewe pale, nabaki mimi peke yangu."

Mtoto alitafuta titi, nikampa. Niliangalia kidole kile cha mguu, ukucha umeota nusu. Nilitaka kumchukia, na niseme ukweli, nilikuwa na haki yote duniani. Lakini nilikuwa na mtoto mwenye joto kifuani, na yeye alikuwa na kanga tupu. Sikufikiria Biblia. Sikufikiria kitu chochote kikubwa. Niliona tu kwamba mimi nilikuwa naweza kusimama pale alipokuwa ameniweka, nimezoea tayari, nina miguu, na yeye akisimama pale ataanguka. Nikasema, "Basi niache hapo." Alinitazama kama hakusikia. Nikarudia, "Niache hapo, Mama Namu. Mimina uji." Tukanywa kwa kata moja, tukipokezana. Ulikuwa umechacha sana. Alikuwa ameusahau siku nyingi.

Wachungaji wanapenda kusema kutubu ni kufungua kinywa. Nimewasikiliza wengi, wengine wana vitambi. Mimi namjua mwanamke aliyetubu kwa mguu, akisukuma moto chini ya mlango kabla hajawa na neno la kusema. Najua pia kuwa aliishia nusu ya njia, na sitamfunika kwa kuwa amekufa. Aliniharibia jina mchana, watu wakisikia, akanisafisha ndani ya chumba, mimi peke yangu nikisikia. Nilimsamehe, na sikuwahi kumsamehe mara moja tu. Nilimsamehe kila nilipoenda harusini nikaona shali inavutwa. Nilimsamehe kila mtoto aliyezaliwa kijijini nikatuma unga kwa mkono wa mtu mwingine. Wajukuu wangu mwenyewe nimewatemea mate wote, hakuna aliyeponyoka, na tazameni walivyo! Mmoja ni daktari wa mifugo, mmoja anafundisha, mmoja ana duka Embu mjini na tumbo la kuonyesha. Lakini watoto wa wengine nimewaona wakiwa tayari wanatembea. Igoki alipata wengine baada ya Namu, na kila mmoja alimleta kwangu mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, akasema, "Mtemee." Nikawatemea. Wakakua wakijua wasinikaribie sana. Hivyo ndivyo tulivyozeeka, marafiki wa jikoni.

Alipolazwa Embu nilienda kumwona mchana, nimembebea uji kwenye chupa ya chai. Alikuwa mdogo kitandani kama nguo iliyosahauliwa. Akaninong'oneza, "Krismasi watakuja wote. Nitawaambia." Nilijua anasema nini, ingawa hatukuwa tumeligusa miaka mingi. Nikamwambia, "Waambie leo. Simu hii hapa, Wawira amekuwekea namba zote." Akatikisa kichwa. "Hilo si la simu, Kagendo. Nataka waniangalie nikilisema." Nilimlisha uji kijiko kwa kijiko. Akakunja uso. "Haujachacha," akasema. "Nyinyi Wameru hamtajifunza." Nikacheka mpaka muuguzi akachungulia. Nilitoka hospitali ile nikiwa mwepesi kama msichana, naona aibu kusema nilikuwa mwepesi kiasi gani mwenzangu akiwa anakufa. Hakufika Krismasi. Walikuja wote mapema, wakavaa nguo nyeusi, na Wawira akavuta shali.

Ningeweza kusema mimi. Lakini mtu akijisafisha mwenyewe nani anamsikiliza? Neno lilitoka kinywani mwa Igoki, na ni kinywa cha Igoki tu kingelirudisha. Sasa nimeliandika, kwa sababu yeye alikuwa amekubali lisemwe. Atakayeamini ataamini.

Krismasi nilienda hata hivyo. Walinialika. Magari yalijaa uwanja ule ule nilikopitishia chai, mbuzi anachomwa, muziki unapiga. Nilikaa kwenye kile kigoda cha mguu mfupi, kando ya ukuta wa jiko la Igoki ambamo sasa wamewekea mitungi ya gesi. Mtoto wa Wawira siku hizi anatambaa. Alitoka kwenye mkeka bila mtu kumwona, akapita kati ya viti, akaja mpaka miguuni pangu, akashika sketi yangu akajivuta akasimama. Ana paji la uso la Igoki, lote, na jino moja limechungulia. Akanicheka. Wawira alikuwa amenipa mgongo. Mate yakanijaa mdomoni. Nilikuwa na maneno ya kumsifu ya kujaza gunia, na mkono wangu ulikuwa tayari umeinuka. Kisha nikafikiria lile jino. Watoto wakiota meno hushikwa na homa. Atashikwa nayo, kesho au kesho kutwa, na mama yake atahangaika naye akikumbuka nani alimgusa. Wawira ni mtoto wa watu. Sitaki akae na jambo kama hilo, hata kwa usiku mmoja.

Nikayameza. Nikageuza uso ukutani, kama nilivyougeuza mwaka ule, na kwa sababu ile ile.

"Wawira," nikaita, "njoo umchukue mtoto wako."